Kiatu cha Kulia cha Mama Safari

Mwanangu, juzi nilikusikia. Ulikuwa umekaa na wenzako mbele ya redio, timu ya taifa imefungwa, nawe ukawa unamtukana golikipa kana kwamba amekuibia mbuzi. Ulisema ameuza mchezo. Nilinyamaza, maana hata mimi nilikuwa na hasira, na mzee mwenye hasira hushauri vibaya. Leo roho imetulia. Kaa hapa karibu, sikio langu la kushoto halisikii vizuri siku hizi. Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kukusimulia, kwa sababu katika siku hiyo mjinga nilikuwa mimi.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Mimi nilikuwa fundi viatu mtaa wa Kasenga, hapa hapa Uvira, kijana ambaye ndevu zimeota juzi, na pia kapiteni wa timu ya mtaa wetu, Sangala ya Kasenga. Sangala unamjua, samaki mkubwa wa ziwa letu anayekula wadogo. Wapinzani wetu walikuwa Kuhe ya Songo. Kuhe naye ni samaki, na ni mtamu kuliko sangala, lakini hilo mbele ya watu silikubali mpaka leo.

Siku hizo viatu vya mpira vilikuwa vya ngozi nzito, na chini vilipigiliwa njumu kwa misumari. Kila baada ya mchezo misumari hiyo ilitokeza ndani na kumchoma mchezaji nyayo. Kwa hiyo viatu vyote vya timu vililetwa kwangu. Nilivitengeneza, nikavipaka mafuta ya ng'ombe, kisha nikavifungia ndani ya sanduku la chuma mpaka siku ya mchezo unaofuata. Ufunguo wa sanduku niliuvaa shingoni. Watu wa Kasenga walinisifu, wakasema timu yetu ina bahati, fundi na kapiteni ni mtu mmoja. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kwa sikukuu ya Uhuru wakubwa wa mji waliamua tucheze na Usumbura, mji wa ng'ambo ambao wewe unauita Bujumbura. Hawakutaka timu ya mtaa. Walitaka seleksyo, yaani timu moja iliyochaguliwa kutoka timu zote: Songo, Kasenga, na wale wakulima wa mpunga wa Luberizi. Barua ikaja kwetu kuomba wachezaji watatu, na wa kwanza alikuwa Lubunga, mshambuliaji wetu. Watatu hao waende mazoezi ya pamoja siku tano kabla ya mchezo. Niliisoma barua ile mara mbili, nikaigeuza hata nyuma. Jina langu halikuwemo.

Nitasema wazi, maana nimezeeka na aibu nayo imechoka: niliona wivu. Halafu juma lililofuata sikukuu tulikuwa na mchezo wetu na Kuhe, na sikutaka Lubunga aje kwangu amechoka, anachechemea kwa ajili ya watu wengine. Lakini sikukataa kumtoa. Kukataa kunahitaji moyo. Mimi nilitumia gundi.

Siku ya kwanza ya mazoezi Lubunga alikuja mbio.

"Fundi, biatu yangu iko tayari?"

"Bado. Gundi haiyakauka."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona."

Kesho yake nikamwambia soli imepasuka. Siku ya tatu nikamwambia uzi umeisha, nangoja mwingine kutoka Bukavu. Alikuwa kijana wa heshima, anamwamini kapiteni wake, akarudi nyumbani peku. Wale wawili wengine niliwajibu vivyo hivyo. Na viatu vyake, mwanangu, vilikuwa nyuma yangu ndani ya sanduku, vikavu, vinang'aa kwa mafuta.

Habari haikai mahali pamoja. Huko Songo, kapiteni wa Kuhe, mtu mrefu mwenye sauti nzito aliyeitwa Bulambo, akasikia kwamba Kasenga haijatoa watu. Akasema kama Kasenga wanawaficha wao, na yeye hatawachosha wake. Basi mazoezini wakabaki vijana watatu wa Luberizi, wanapigiana mpira wao kwa wao. Seleksyo yetu ilikutana asubuhi ya mchezo, kwenye kiwanja, huku bendera zinapandishwa. Asubuhi hiyo ndipo nilipofungua sanduku, nikagawa viatu kama mtu anayetoa sadaka.

Tulifungwa mabao matano. Watu walikuwa wamekuja toka Kalundu mpaka uwanda wa Ruzizi, wamevaa nguo za sikukuu, na walitazama mabeki wao wawili wakiukimbilia mpira mmoja mpaka wakagongana vichwa. Dakika chache baadaye wakatazama mpira mwingine ukipita katikati ya hao hao wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake. Wa Kasenga alimtafuta wa Kasenga. Wa Songo alimtafuta wa Songo. Na nyuma yao, peke yake, alisimama golikipa, kijana wa Luberizi aliyeitwa Safari, akiwapigia kelele watu ambao hakujua hata majina yao.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni nani anayetaka kupekua nguo yake mwenyewe siku ya Uhuru? Kabla jua halijatua watu walikuwa wamempata mwenye kosa. Walisema Safari amenunuliwa na watu wa ng'ambo. Leo neno hilo ni matusi ya mbele ya redio. Wakati ule nchi ilikuwa changa, kila mtu akimwogopa mgeni na kibaraka wa mgeni, na neno hilo lingeweza kumchomea mtu nyumba. Sokoni wanawake waliukwepa mchele wa mama yake. Vijana walimtupia mawe alipopita barabarani.

Yote hayo niliyasikia ndani ya duka langu, wateja wakiyasema juu ya kichwa changu nilichokiinamisha. Sisi mafundi viatu huweka misumari mdomoni wakati wa kugonga soli. Siku zile niliiweka hata pale ambapo hapakuwa na soli ya kugonga, nikaona ni sababu nzuri ya kutosema kitu.

Ndipo siku moja, kwenye saa nne ya asubuhi, akaingia mama mmoja mfupi, miguu mitupu, tope la mpunga limekaukia magotini. Alikuwa ameshuka kwenye lori la Luberizi. Akafungua kitambaa, akaweka kiatu kimoja juu ya meza yangu. Cha kulia.

"Weye njo fundi wa Kasenga?"

"Njo minye, mama," nikajibu kwamba ndimi. "Karibu."

"Nitengenezee hii."

Nikakishika. Kisigino kilikuwa kimeng'oka. "Na ya kushoto iko wapi, mama?"

"Iko nyumbani. Inapumuzika. Juma inakuja iko na kazi mingi."

Nilicheka. "Mama, muntu hawezi kutembea na kiatu moja."

"Hawezi?" Akavuta kigoda, akakaa. "Hata minye nilikuwa nafikiri vile. Lakini banasema kuko fundi wa Kasenga alituma mutoto yangu kucheza na timu iko na kiatu moja, na ingine akafunga mu sanduku. Nikasema, pengine huyu fundi anajua kintu, minye mukulima sijui. Nikuje kuuliza."

Nilikuwa na misumari mitatu mdomoni. Mungu anajua jinsi nilivyonusurika kuimeza. Ndipo nilipofahamu kwamba huyu ni Mama Safari, na kwamba Lubunga, kwa upole wake wote, hakuwa mjinga. Alikuwa amemwambia Safari habari za gundi yangu.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliangalia duka langu, ngozi zilizoning'inia, halafu akaanza kunieleza habari za mpunga, kana kwamba ndizo zilizomleta.

"Kwetu Luberizi tuko banamuke kumi na mbili," akasema. "Leo tunapandikiza mu shamba ya mumoja, kesho mu shamba ya mwingine. Siku tuko kwa mwenzangu, shamba yangu inabaki bure, na miche yangu inazeeka. Inauma, fundi. Usifikiri haiumi. Lakini nikibaki kwangu peke yangu, nitainama mwezi muzima, na maji haitaningojea. Na kintu kingine: siku ya kwanza tunafanya pamoja, mustari inapinda, tunagombana. Siku ya kumi, hatusemi tena. Mikono inajua yenyewe."

Nikatoa misumari mdomoni. "Mama, minye nilikosa."

"Ukinambia minye, itasaidia nini? Minye siko bantu ya kiwanja kizima." Akasimama, akatikisa kitambaa chake. "Safari anasema hatacheza tena. Anapita mu migomba juu ya kuogopa barabara, mutoto yangu, kama mwizi. Tengeneza hii kiatu. Ya kushoto nitaleta siku ile Safari atapita katikati ya Uvira, kichwa juu."

Akaenda zake peku, akaniachia kiatu cha kulia. Nilikitengeneza siku ile ile, nikakiweka kwenye rafu mbele ya macho yangu. Mwanangu, sijapata kuona kiatu kinachomkodolea mtu macho namna ile.

Jumapili iliyofuata tulicheza na Kuhe kwenye kiwanja cha Songo, na mji mzima ulikuwepo. Kabla filimbi haijalia niliomba ruhusa kwa mwamuzi, nikaenda katikati. Nikawaambia kwa sauti kwamba Safari hakununuliwa na mtu, kwamba viatu vya wachezaji watatu vilikuwa vikavu siku zote tano, na kwamba gundi ile ilikuwa uongo wangu. Halafu ganda la ndizi likanipiga shavuni, nafikiri lilitoka upande wa Kasenga. Bulambo akaangua kicheko kilichosikika mpaka ziwani.

"Prizo ya biatu!" akapaza sauti. "Bantu, muone mulinzi wa prizo ya biatu!"

Gereza la viatu. Jina hilo lilinishika, na mpaka leo wapo wazee wa Songo wanaowaelekeza watu dukani kwangu kwa jina hilo. Lakini siku ile, kicheko chake hakijaisha, nilivua ufunguo shingoni nikamtia mkononi. Nikamwambia, "Shika weye. Sanduku itabaki kwangu, ufunguo itabaki kwako. Hakuna mumoja wetu ataweza kufunga biatu peke yake tena." Akautazama ufunguo ule mdogo katika kiganja chake kikubwa, na kicheko kikamwishia. Alijua naye aliwaficha watu wake. Kesho yake viatu vya Kuhe vililetwa kwangu kwa mkokoteni, vikaingia katika sanduku moja na vyetu.

Tukakubaliana hivi: kila Alhamisi seleksyo icheze mchezo wa kweli na timu mojawapo, leo Songo, juma lijalo Kasenga, lingine Luberizi, kwa zamu, kama wale akina mama wa mpunga. Na siku hiyo hakuna timu itakayomzuia mchezaji wake, hata kama ina mchezo wake kesho.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Alhamisi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Vijana wa Luberizi walikimbia mchezo mzima bila kupewa mpira, na Lubunga aligombana na Bulambo mpaka wakashikana jezi. Safari alikuja kwa sababu mama yake alimsukuma, akasimama golini kimya, haamini mtu. Mimi sikuwa katika wachezaji wa kwanza. Nilikuwa nikiingia pale tu beki mmoja anapoumia, na siku nyingine nilibeba maji. Nilikubali. Aliyevunja chungu hachagui kigae.

Alhamisi zikapita, nadhani zaidi ya ishirini, halafu siku moja niliona jambo. Safari alikuwa na tabia yake: akishindwa kuudaka mpira mkali, aliupangulia kulia kwake, kila mara kulia. Mwanzoni mpira huo ulimwangukia adui. Sasa Bulambo alikuwa tayari yuko pale kabla mpira haujafika, anauchukua bila kuangalia, anaupiga mbali upande wa kushoto, na Lubunga ameshaanza mbio. Hakuna aliyempigia mwenzake kelele. Nikakumbuka Mama Safari na mikono inayojua yenyewe.

Gharama ilikuwepo, sikufichi. Mwaka ule kombe la mji lilikuwa letu karibu kabisa, lakini Alhamisi kabla ya fainali Lubunga aliumia kifundo cha mguu akichezea seleksyo huko Luberizi. Kuhe wakatufunga bao moja. Wenzangu wa Kasenga hawakunisemesha kwa juma zima, na mmoja alipeleka viatu vya mkewe kutengenezwa kwa fundi mwingine, akapita navyo makusudi mbele ya mlango wangu. Iliniuma, kama mama yule alivyosema. Lakini Alhamisi iliyofuata nilivipaka viatu mafuta, nikamwita Bulambo alete ufunguo.

Mchezo wa marudiano na watu wa ng'ambo ulikuwa umekwisha kupangwa pale uasi ulipofika kwetu, miaka minne baada ya Uhuru. Mengi ya siku zile nitakusimulia siku nyingine, au sitakusimulia. Risasi zililia, barabara ikafungwa, watu wakaanza kukimbia, wengine milimani, wengine kuvuka mto Ruzizi kwenda ng'ambo. Bulambo alikuja dukani anahema, ufunguo mkononi. Wachezaji walikuwa wamekusanyika mlangoni, maana hawakujua pengine pa kukusanyika. Tulifungua sanduku. Mimi niliyewahi kuvificha viatu siku tano kwa wivu, nilivitoa vyote kwa mikono yangu, jozi kwa jozi.

"Hii si ya Kasenga, si ya Songo," nikawaambia. "Kila muntu aende na yake. Na kila muntu arudishe yake hapa."

Tukatawanyika. Mimi na mke wangu tulipanda milimani juu ya Uvira, tukaishi kwa watu miezi mingi, na huko niliwafundisha vijana kucheza na mpira wa majani makavu ya migomba. Sikujua ni nani mzima na ni nani hayupo.

Tuliporudi, duka lilikuwa halina mlango wala paa. Sanduku lilikuwepo, tupu. Nikatandika turubai juu, nikaweka meza, nikangoja. Juma la pili Lubunga akatokea kutoka Kalundu, amekonda, viatu vimefungwa kamba na kutundikwa shingoni. Nililia, mwanangu. Nilimshika yeye na viatu vyake pamoja. Baada ya hapo wakaja wengine, mmoja leo, wawili keshokutwa, na kila jozi iliyoingia sandukuni nilitoka nje nikawaambia wapita njia. Bulambo alikuja mwisho, anatembea kwa fimbo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepigwa, usingecheza tena. Akaweka viatu vyake mbele yangu.

"Mguu yangu imekataa," akasema, "lakini biatu bado inataka kucheza. Vaa weye, Prizo."

Miguu yake ilikuwa mikubwa kama ngalawa. Nilijaza vitambaa mbele, nikapunguza ngozi nyuma, nikavaa viatu vya Songo.

Safari yeye alikuwa amekimbilia ng'ambo. Timu ya kule ilimwona akidaka, ikamwomba abaki nayo. Alikataa, akarudi kwa mguu na viatu vyake begani. Lakini midomo ya watu haina likizo. Mchezo ulipopangwa tena, ili mji na jirani zake watembeleane kama zamani, maneno yale ya kale yakafufuka. "Ameishi nao, amekula nao," walisema. "Mara hii atauza mchana kweupe." Hata pale kiwanjani nilisikia mtu nyuma ya goli akisema hivyo, na Safari alisikia.

Watu wa ng'ambo walifunga kwanza. Lubunga akasawazisha kabla ya mapumziko, kwa pasi ya kijana wa Songo ambaye zamani asingempa hata maji. Tukacheza, mwanangu! Mpira ulitoka mguu kwa mguu, Luberizi kwa Songo, Songo kwa Kasenga, na watu waliacha kupiga kelele wakawa wanacheka tu kwa raha. Halafu, zikiwa zimebaki dakika chache, mpira wa juu ukanijia ndani ya boksi. Viatu vya Bulambo vikateleza, nikaanguka, na mkono wangu ukaugusa. Filimbi. Penaliti.

Nilibaki nimelala. Kosa langu, tena. Na lawama ingemwangukia Safari, tena, kwa maana hakuna atakayekumbuka mkono wa fundi; watakumbuka golikipa aliyerudi kutoka ng'ambo akafungwa. Niliona hata mawe, niliona yule mama na mchele wake. Nikainuka nikamwendea.

"Safari, unisamehe."

Akanitazama kwa mara ya kwanza bila ile baridi ya miaka yote. "Fundi, usilie. Simama pahali Bulambo anasimamaka."

Basi. Nikaenda kusimama kulia, nje ya boksi, mahali ambapo Alhamisi nyingi nilimwona Bulambo akisimama. Mpigaji akaja mbio, akapiga kwa nguvu. Safari akaruka, akaupangua kwa ngumi, kulia kwake. Mpira ulikuja moja kwa moja kwenye kiatu cha Bulambo, mguu wangu ukiwa ndani. Sikuangalia. Nilipiga mbali, kushoto, na niliposimama vizuri Lubunga alikuwa ameshampita beki wa mwisho.

Mbili kwa moja. Sijui nikuelezeje kelele ile. Watu waliingia kiwanjani kabla filimbi ya mwisho haijamaliza kulia. Yule aliyekuwa nyuma ya goli akinong'ona ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba Safari begani. Walimpitisha Songo, wakampitisha Kasenga, barabara ile ile aliyotupiwa mawe, akiwa juu ya mabega, anaonekana kutoka mbali. Bulambo alitupa fimbo yake, akaanguka, akacheka pale pale chini. Hata wenzetu wa ng'ambo walimpigia makofi Safari, nasi tukala nao samaki mpaka miiba ikabaki.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa dukani, mwili wote unauma, akaingia Mama Safari. Hakusalimu. Akafungua kitambaa, akaweka kiatu mezani, cha kushoto, karibu na kile cha kulia nilichokitoa kwenye rafu, ambacho vita vyote hivyo nilivipita nacho ndani ya mfuko wangu.

"Sasa tengeneza na huyu mwenzake," akasema. "Nataka kuenda kanisani."

Nilitengeneza. Alivivaa vyote viwili pale pale, akatembea mara mbili mbele ya meza yangu kuvijaribu, akatoka.

Kwa hiyo, mwanangu, golikipa yule wa redioni muulize kwanza amefanya mazoezi na mabeki wake siku ngapi. Uulize ni nani aliyebaki na viatu vya wenzake huko kwenye timu kubwa za mbali, akisema gundi haijakauka. Watu kumi na mmoja wazuri waliokutana asubuhi ya mchezo ni watu kumi na mmoja tu. Timu hufanywa na siku nyingi za kugombana, kukoseana, na kurudi tena Alhamisi. Na wewe mwenyewe kesho utakuwa mkubwa wa kitu fulani, kwaya, ofisi, au ukoo, nao watakuja kukuomba mtu wako mzuri kwa kazi ya wote. Moyo utakuuma. Mtoe. Shamba lako lingoje leo, usije ukapanda peke yako maji yamekwisha kwenda. Na ukikosa, nawe utakosa, toa misumari mdomoni mapema, kabla mwenzako hajabeba kosa lako barabarani.

Mungu akupe wenzako wa kusimama mahali pako unapoanguka. Akupe mguu wa kujua pa kusimama wao wanapoanguka. Akuvushe mito, akurudishe nyumbani, na siku zote utembee na viatu vyote viwili. Amina. Haya, washa redio. Nimesikia leo wanacheza tena.